Kukusanya Noti za Kisasa Zenye Historia ya Kale: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mtu anayependa historia ya kale akitaka kuwa na kitu chake mwenyewe, kwa kawaida hukimbilia sarafu za Kirumi au za Kigiriki. Huko atakutana na bei za kuchosha, bandia tele, na maswali ya kisheria kuhusu vitu vilivyofukuliwa bila kibali. Noti za kisasa hazina usumbufu huo. Zimetolewa na benki kuu, zimeorodheshwa kwenye katalogi, nyingi hupatikana kwa bei ndogo, na juu yake kuna miungu, wafalme, mahekalu na maandishi ya miaka elfu mbili, tatu, hata tano iliyopita.

Jambo moja ulishike tangu mwanzo: kila noti ya aina hii ina tarehe mbili. Kuna tarehe ya kitu kilichochorwa, na kuna tarehe ya serikali iliyoamua kukichora. Anayeangalia ya kwanza tu anakusanya picha. Utamu wote uko pale tarehe hizo mbili zinapokutana, na hatua zinazofuata zimepangwa kwa kulifuata hilo.

Hatua ya 1: Chagua mada nyembamba

"Historia ya kale" ni bahari. Ukianza kununua kila noti yenye nguzo za mawe, baada ya muda utakuwa na rundo lisilo na kichwa wala miguu. Chagua mada moja uanze nayo.

Wengi huanza na nchi, na Misri ndiyo rahisi kuliko zote. Kwa miongo mingi noti zake za karatasi zimefuata utaratibu mmoja: upande wa Kiarabu una msikiti, na upande wa Kiingereza una kitu cha enzi za mafarao. Pauni 1 ina hekalu la Abu Simbel, pauni 5 ina Hapi, mungu wa mafuriko ya Nile, pauni 10 ina Farao Khafre, 50 ina hekalu la Edfu, na 100 ina Sphinx. Ukiziweka pamoja unapata zaidi ya miaka elfu mbili ya Misri kwenye ukurasa mmoja wa albamu. Peru nayo inajitosheleza: toleo lililoanza kuingia mikononi mwa watu mwaka 2011 lina Machu Picchu kwenye soli 10, Chan Chan kwenye 20, Chavín de Huántar kwenye 50, Gran Pajatén kwenye 100 na Caral kwenye 200. Machu Picchu ni ya karne ya 15 tu, ilhali Caral ina umri wa takriban miaka 5,000, lakini kadiri thamani ya noti inavyopanda, usidhani umri wa jengo unapanda nayo kwa mpangilio.

Unaweza pia kukusanya nyuso za watu: Hannibal, jemadari wa Karthago, kwenye dinari 5 ya Tunisia, Malkia Zenobia wa Palmyra kwenye pauni 500 ya Syria ya mwaka 1998, Kaisari Philip Mwarabu kwenye pauni 100 ya toleo hilohilo, Mfalme Gentius wa Illyria kwenye leki 2,000 ya Albania, Aleksanda Mkuu kwenye drakma 1,000 ya Ugiriki ya mwaka 1956. Au miji na magofu: Petra kwenye dinari 5 za zamani za Jordan, Mohenjo-daro kwenye rupia 20 ya Pakistan, stupa (kuba la Kibuddha) ya Sanchi kwenye rupia 200 ya India, Tikal kwenye nusu quetzal ya Guatemala, Copán kwenye lempira 1 ya Honduras.

Mimi ningemshauri anayeanza achukue mada ambayo wachache huigusa: maandishi na tarakimu za kale. Noti zake si ghali, na zina kazi ya kusoma. Chukua noti yoyote ya Guatemala uitazame sehemu ya juu pembeni. Utaona alama ndogo za nukta na mistari: hizo ni tarakimu za Wamaya, watu wa kale wa Amerika ya Kati. Nukta ni moja, mstari ni tano, na alama yenye umbo la kombe ni sifuri. Noti ya quetzal 5 ina mstari mmoja, ya 10 ina mistari miwili. Kwenye ya 20 mambo yanabadilika, kwa sababu Wamaya walihesabu kwa ishirini: nukta moja juu ya kombe, yaani ishirini moja bila ziada. Ya 50 ni nukta mbili juu, ambazo ni arobaini, na mistari miwili chini yake, ambayo ni kumi. Ya 100 ni mstari juu ya kombe, ishirini tano. Ukishaelewa hapo, unaweza kusoma hesabu za kwenye mawe ya Tikal kiasi fulani, na umejifunza kwa noti ambazo mtu hununulia mkate.

Kwenye mada hiyohiyo weka dramu 25 ya Armenia ya mwaka 1993, yenye maandishi ya kikabari ya ufalme wa Urartu, na dinari 25,000 ya Iraki, yenye mchongo kutoka jiwe la sheria za Hammurabi.

Hatua ya 2: Tengeneza orodha kabla ya kununua

Usiende sokoni mikono mitupu. Noti za dunia hutambulishwa kwa namba za katalogi iliyoanzishwa na Mjerumani Albert Pick, ndiyo maana muuzaji huandika P ikifuatiwa na namba. Herufi ndogo baada ya namba, mfano a au b, huonyesha tofauti ndani ya muundo mmoja: saini nyingine ya gavana, mwaka mwingine, uzi wa usalama wa aina nyingine. Kwenye intaneti, Numista ina orodha kubwa yenye picha, na haihitaji malipo kuisoma.

Andika nchi, thamani, mwaka na namba ya katalogi ya kila noti unayoitaka. Kisha amua mapema kama herufi ndogo zinakuhusu. Kwa mkusanyaji wa mada, jibu langu ni hapana. Noti moja nzuri ya kila muundo inatosha. Kutafuta saini sita za magavana waliopita juu ya Sphinx yuleyule ni mchezo wa watu wengine.

Orodha hiyo pia itakuokoa na noti za kubuni. Kuna watu binafsi wanaochapisha karatasi za kupendeza kwa jina la mahali pasipo na benki kuu, Antarktika ikiwa mfano unaojulikana zaidi, na wengine hupenda sana kuweka mafarao na mahekalu kwa sababu yanauzika. Hakuna ubaya kuzimiliki, mradi usiuziwe kama fedha. Isiyo na benki iliyoitoa wala namba ya katalogi, ihesabu kuwa pambo.

Hatua ya 3: Jua picha imetoka wapi

Hatua hii wengi huiruka, nami ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Ukipata noti, au hata picha yake tu, jiulize: je, mchoraji alikuwa na kitu halisi mbele yake, au alibuni?

Tazama uso wa Hannibal kwenye dinari ya Tunisia. Hakuna sanamu wala sarafu ambayo wataalamu wote wanakubaliana kuwa ni sura yake. Kwa hiyo uso ule ni Hannibal kama nchi inavyomtaka awe. Zenobia ana nafuu kidogo, kwa sababu sarafu zenye jina lake zipo, ingawa sarafu ndogo haiwezi kukupa sura kamili. Upande wa pili wako wachoraji walionakili kitu kinachoonekana hadi leo: lira 500 ya Italia ya miaka ya 1960 na 1970 ina kichwa cha Arethusa kutoka sarafu za kale za Syracuse, na denari 500 ya Makedonia Kaskazini ina kinyago cha dhahabu cha maziko kilichopatikana Trebenište, cha karne ya 6 KK.

Wakati mwingine kitu chenyewe kina safari ndefu kuliko noti. Jiwe la Hammurabi, mfalme wa Babeli wa karne ya 18 KK, lina urefu wa zaidi ya meta mbili. Waelami waliliteka katika karne ya 12 KK wakalipeleka Susa, ambayo leo iko Iran. Wafaransa walilifukua hukohuko mwaka 1901, na sasa limesimama kwenye jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Iraki basi imechapisha kwenye mojawapo ya noti zake kubwa kitu ambacho hakijakaa kwenye ardhi yake kwa zaidi ya miaka elfu tatu. Noti ikikaa kwenye albamu bila maelezo hayo, ni karatasi nyekundu yenye watu wawili.

Pauni 200 ya Misri ni zoezi zuri la macho. Ina mwandishi aliyeketi miguu ikiwa imekunjwa, na mtu wa haraka ataandika "Louvre" akaendelea. Lakini Saqqara, eneo la makaburi ya kale ya Misri, imetoa zaidi ya mwandishi mmoja wa namna hiyo: mmoja yuko Louvre, mwingine yuko Cairo. Angalia kichwa. Yule wa Paris ana nywele fupi zilizolala kwenye fuvu, yule wa Cairo amevaa wigi lililotanuka hadi mabegani. Shika noti yako chini ya kioo cha kukuzia uamue mwenyewe.

Nayo drakma 1,000 ya Ugiriki ya mwaka 1987 ina Apollo mbele, na nyuma ina mrusha kisahani pamoja na hekalu la Hera kule Olympia. Sanamu ya asili ya mrusha kisahani, ya shaba, iliyotengenezwa na mchongaji Myron katika karne ya 5 KK, ilipotea. Tunayoijua sote ni nakala za marumaru za Kirumi. Yaani noti ni nakala ya nakala.

Hatua ya 4: Soma tarehe ya pili

Sasa geukia serikali. Kwa nini picha hii, mwaka huu?

Mfano ulio wazi kuliko yote ni rial 50 ya Iran ya miaka ya 1970. Mbele kuna Shah Mohammad Reza Pahlavi, nyuma kuna kaburi la Koreshi, mfalme wa Uajemi wa kale, kule Pasargadae. Mwaka 1971 Shah alikuwa amefanya sherehe kubwa za miaka 2,500 ya ufalme wa Uajemi, na noti iliimba wimbo huohuo: mimi na Koreshi ni mnyororo mmoja. Baada ya mapinduzi ya 1979, watawala wapya hawakuwa na noti zao tayari, wakachukua za zamani wakapiga chapa ya kuufunika uso wa Shah. Ukiwa na noti isiyo na chapa na yenye chapa, zilaze sambamba. Huo ni ukurasa mzima wa historia, na hakuna maelezo ya makumbusho yanayoweza kuusema kwa ufupi zaidi.

Iraki ina jozi inayofanana kwa namna nyingine. Fahali mwenye mabawa wa Waashuru alikuwa kwenye noti za enzi za Saddam Hussein, na serikali ilipobadilika, noti mpya zikatolewa kuanzia mwaka 2003, fahali akarudi kwenye dinari 500. Kiongozi akaondoka, mnyama akabaki.

Syria ni ukurasa wa huzuni. Noti ya Zenobia inaonyesha ukumbi wa michezo wa Palmyra. Mwaka 2015 wapiganaji walilipua hekalu la Bel na tao maarufu la mji huo, na mapema mwaka 2017 uso wa jukwaa la ukumbi huo ukabomolewa kwa sehemu. Noti ya 1998 imekuwa kumbukumbu ya hali ilivyokuwa kabla.

Hatua ya 5: Nunua kwa hali, usinunue kwa hadithi

Hali ya noti huandikwa kwa vifupisho vinavyotumika dunia nzima. UNC ni noti isiyopita mikononi kabisa: haina mkunjo, pembe zake kali. AU ina kasoro ndogo mno, XF ina mikunjo michache myepesi, VF imetumika lakini bado ina nguvu, F imechakaa, na zaidi ya hapo unashuka hadi karatasi iliyoraruka. Kwa noti zilizochapishwa kuanzia miaka ya 1970, subiri UNC. Zipo nyingi, na tofauti ya bei mara nyingi ni ndogo. Kwa za zamani zaidi, kama ile ya Aleksanda ya 1956, VF safi ni heshima tosha.

Noti zilizofungwa kwenye plastiki ngumu na kampuni za kupima hali, zikiwa na alama hadi 70, zina faida kwa noti ghali. Kwa noti ya bei ndogo, unalipia plastiki.

Kuna mtego mmoja unaoandama dinari ya Iraki. Kwa miaka mingi wauzaji wamekuwa wakiwashawishi watu kununua mabunda ya dinari 25,000 kwa ahadi kwamba thamani yake itapaa siku moja na kuwatajirisha. Mamlaka za Marekani zimetoa maonyo kuhusu biashara hiyo. Wewe unahitaji noti moja, na ununue kwa muuzaji wa noti za kukusanya. Yeyote anayekuambia habari za kupanda kwa thamani, mpite.

Fedha zilizokwisha kufutwa, kama drakma na lira, hazibadilishwi tena benki: Italia ilifunga mlango mwishoni mwa 2011, na Ugiriki mwanzoni mwa Machi 2012. Muuzaji asikuhesabie thamani iliyoandikwa juu yake.

Hatua ya 6: Ikague ikifika

Ishike dhidi ya mwanga. Alama ya maji lazima iwe ndani ya karatasi, ikiwa na kivuli kinachofifia taratibu. Iliyochapwa juu juu ina kingo kali. Noti nyingi za Misri zina kinyago cha Tutankhamun hapo, nacho ni sehemu ya mkusanyiko wako pia.

Kisha iinamishe chini ya taa upande mmoja. Mwanga wa ubavuni hufichua mikunjo iliyopigwa pasi. Noti iliyopigwa pasi au kuoshwa huwa bapa kupita kiasi, na wino uliopaswa kuinuka chini ya kidole umelala. Ukiwa na taa ya urujuanimno, karatasi halisi ya noti hubaki na rangi iliyopooza, na nyuzi au alama fulani tu ndizo hung'aa. Karatasi yote ikiwaka buluu, ama ni bandia, ama imefuliwa kwa sabuni.

Hatua ya 7: Ihifadhi

Mifuko iwe ya poliesta au polipropilini. Plastiki laini ya PVC, ile yenye harufu kali, hutoa kemikali zinazoharibu karatasi na wino taratibu. Usitie gundi, utepe, pini wala klipu, na usilaminishe hata noti ya bei ndogo namna gani. Weka albamu mahali pakavu, mbali na jua, unyevu ukiwa kati ya asilimia 40 na 50 ikiwezekana. Shika kingo, kwa mikono mikavu.

Hatua ya 8: Tunza daftari

Kila noti iwe na mistari miwili. Wa kwanza ni wa noti: nchi, thamani, mwaka, namba ya katalogi, hali, tarehe na bei uliyonunulia. Wa pili ni wa kitu: ni nini, cha karne gani, kilipatikana wapi, kiko wapi sasa, na kama picha ni ya kitu halisi au ya kubuni. Kwa mfano: "Stupa ya Sanchi, India, ujenzi ulianza enzi za Ashoka, karne ya 3 KK, bado ipo mahali pake, picha ya kitu halisi." Mstari wa pili ukikosa jibu, acha nafasi wazi kwa penseli. Usijaze kwa kubahatisha.

Daftari likishakuwa na kurasa chache, utaanza kuona jozi ambazo hukuzitafuta. Uturuki ilikuwa na mji wa kale wa Ephesus kwenye lira 20,000,000. Mwaka 2005 nchi ikafuta sifuri sita, na Ephesus ikahamia kwenye lira mpya 20. Jengo ni lilelile, kilichopungua ni sifuri. Euro nayo ina kichekesho chake: madaraja na madirisha yake makubwa ni ya kubuni makusudi, ili nchi yoyote isione imependelewa, na noti ya 5 inawakilisha mtindo wa Kigiriki na Kirumi bila kuonyesha jengo hata moja la kweli. Lakini katika toleo la pili, lililoanza kutolewa na noti ya 5 mnamo Mei 2, 2013, alama ya maji ni uso wa Europa wa hadithi za Kigiriki, uliochukuliwa kwenye chombo cha udongo cha zaidi ya miaka 2,000 kilichopatikana kusini mwa Italia, na sasa kiko Louvre. Kitu cha kale pekee kilicho halisi kwenye noti hiyo ni uso huo, nao huonekana ukiiinua dhidi ya mwanga, na pia kwenye utepe wake unaong'aa.

Hatua ya 9: Badilishana

Utajikuta na noti za ziada, hasa ukinunua kwa mafungu. Badilishana na wakusanyaji wengine kwa namba ya katalogi na hali, wala si kwa thamani iliyoandikwa. Chama cha kimataifa cha wakusanyaji wa noti, IBNS, kipo tangu 1961, na wanachama wake wako nchi nyingi. Kabla ya kutuma chochote, angalia mambo mawili: kama nchi yako au ya mwenzako inazuia fedha kuvuka mpaka, na kama posta inaruhusu noti kwenye barua ya kawaida, kwa sababu nyingi haziruhusu. Noti kutoka nchi zilizowekewa vikwazo, kama Iran, zinaweza pia kukwama kwenye malipo ya mtandaoni, hata kama ni za miaka ya 1970. Ukituma, weka noti kwenye mfuko wake, kisha katikati ya kadibodi mbili ngumu zilizopita ukubwa wake, na ubandike utepe kwenye kadibodi peke yake.